Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mikono Inayoshuka Raundi ya Tatu

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mhazini, na matokeo ya mashindano anayo katibu. Mimi naomba nizungumzie jambo lililotugombanisha makocha wa ngumi mwaka mzima: pumzi.

Tumekulia kwenye mchakamchaka. Kijana anatoka Manzese alfajiri, anakimbia hadi ufukwe wa Coco na kurudi, tunasema yuko fiti. Siyafuti mazoezi hayo. Hata katika ngumi za ridhaa, raundi tatu za dakika tatu, sehemu kubwa ya nguvu inatokana na oksijeni, na ndiyo inayomrudisha bondia katika dakika moja ya kukaa kwenye kona. Ila ulingoni hakuna mwendo mmoja. Bondia anazunguka, anavizia, kisha anamwaga ngumi sita saba mfululizo. Hapo anatumia kreatini fosfeti, akiba ya nguvu ya haraka iliyomo kwenye misuli, na akiba hiyo ni moto wa mabua: sekunde kama 10 imekwisha. Akilazimisha, mwili unavunja sukari bila kungoja oksijeni, misuli inawaka, glovu inakuwa nzito kama tofali.

Ndiyo maana tuligawa mazoezi siku mbili. Jumanne, begi la kupigia ngumi: sekunde 10 kwa nguvu zote, sekunde 50 kutembea, mara sita, dakika tatu za kupumzika, kisha seti ya pili. Vijana waliona mapumziko ni marefu mno, wakadhani tunawadekeza. Ijumaa inauma zaidi: sekunde 30 kali, 30 nyepesi, hadi dakika tatu zitimie, dakika moja kwenye kona, raundi tatu. Ngumi zikianza kulegea, kocha anasimamisha.

Kosa letu, nami nalibeba, ni kwamba tuliongeza haya yote bila kupunguza chochote. Sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, ilibaki palepale. Kufika mwezi wa pili wa programu vijana walikuwa wanakuja wamechoka hata kabla ya kufunga bandeji. Sasa siku ya sparingi kali inahesabiwa kuwa ndiyo siku ya mazoezi haya, na kati ya siku moja kali na nyingine zipite saa 48. Wiki ya pambano tunapunguza, hatuongezi.

Kuna wanaoshabikia Tabata, mazoezi ya sekunde 20 kali na 10 za kupumzika. Utafiti wake wa mwaka 1996 ulifanywa kwenye baiskeli ya mazoezi, kwa ukali ambao watu waliishiwa nguvu baada ya mizunguko saba au minane. Kuruka kamba huku unapiga soga na kuhesabu sekunde si Tabata.

Mzee mmoja alinikatisha kikaoni: “Bondia wetu Yombayomba alileta dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, nani alimpigia saa?” Sikuwa na jibu. Nilimwomba aje Ijumaa. Alikuja, akashika saa yeye.

Mambo mawili nayaleta mbele yenu yapigiwe kura. La kwanza, kupiga marufuku kuvaa nailoni ili kukata uzito wakati wa mazoezi makali. Kwa joto hili la Dar es Salaam ni hatari. La pili, tununue saa ya raundi yenye kengele, kwa sababu simu ya kocha hulia katikati ya seti.