Msitupe kaseti zenye sauti ya mfasiri

Ndugu Mhariri,

Shangazi yangu wa Minova amefunga utepe wa kaseti ya video juu ya mtama wake kufukuza ndege. Upepo wa ziwani ukivuma, utepe unalia na kumetameta juani, na ndege wanahamia kwa jirani. Nilipokwenda kumsalimia mwezi uliopita niliusikia mlio huo kabla sijaliona shamba. Ganda la kaseti lilikuwa limechomekwa kwenye kijiti, lebo bado imeshika, na mwandiko niliutambua palepale. Ni wa marehemu kaka yangu: «Shaolini 36, sauti ya Mwalimu».

"Shangazi, hii umeitoa wapi?"

"Si ile kaka yako alituachia zamani? Mashine yake hatuna, mama. Ingekaa bure tu."

Shangazi hana kosa. Ndege wakimaliza mtama, nyumba nzima inalala njaa. Lakini moyo uliniuma, na niliporudi Goma nikakuta katika gazeti lenu barua ya msomaji anayewashauri wenye maduka wachome kaseti na diski zote za zamani, kwa kuwa siku hizi filamu ziko kwenye simu. Namjibu ndugu huyo kwa heshima: ziko baadhi, na nyingi zimekatwakatwa. Na ile niliyoikuta Minova, yenye sauti ya mfasiri wetu, haimo kwenye simu ya mtu yeyote duniani.

Mimi nauza vitenge soko la Virunga. Miaka ya tisini nilikuwa msichana wa mlangoni. Kaka alikuwa na chumba cha video Birere: mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki mbili, jenereta uani. Kazi yangu ilikuwa kupokea pesa na kushika pazia ili mwanga usiingie na watoto wajanja wasipenye. Kwa hiyo filamu zote za usichana wangu niliziona kwa upenyo wa pazia, upande wa kushoto wa kioo tu. Upande wa kulia nilisimuliwa na Mwalimu.

Mwalimu hakuwahi kushika chaki. Tulimpa jina hilo kwa sababu alijua Kifaransa na alijua kueleza. Alikaa kwenye kiti kando ya televisheni, maikrofoni mkononi, akitafsiri kila neno la waigizaji, na waliponyamaza aliwasemea. Adui akitokea, Mwalimu alitueleza anadaiwa na nani, amegombana na mkewe kwa sababu gani, na kwa nini leo hatarudi nyumbani. Farasi akipita alimtajia bei. Watu walicheka, wakamjibu, wakabishana naye, naye akawajibu bila kupitwa na neno hata moja la filamu. Dar es Salaam walikuwa na mfasiri wao Lufufu, ambaye kaseti zake zilisafiri mbali. Ng'ambo hapo Gisenyi, Rwanda, wana agasobanuye yao, filamu zenye mfasiri wa Kinyarwanda. Goma sisi tulikuwa na Mwalimu, na Kiswahili chake kilikuwa hikihiki chetu cha sokoni. Kaka aliunganisha deki mbili, moja ikicheza na nyingine ikinasa, akachomeka maikrofoni katikati. Ndivyo sauti ile ilivyoingia kwenye kaseti.

Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulishuka ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Chumba cha video kilikuwa njiani. Kaseti zilizokuwemo ziliteketea zote; nilibaki na moja niliyokuwa nimeichukua bila kumwambia na kuificha nyumbani Himbi. Ilikuwa ya Django. Mlima ulipotoka tena mwezi wa tano mwaka 2021, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama, niliondoka kwa miguu kuelekea Sake na kifurushi cha kitenge kichwani. Ndani mlikuwa na hati ya kiwanja, nguo za watoto na kaseti hiyo.

Kijana wangu mkubwa anaishi Brussels, na ndiye aliyenianzishia ugonjwa huu wa kukusanya. Alipokuja likizo aliniletea Django kwenye diski ya Blu-ray, imekarabatiwa. Tuelewane hapa, maana wengi wanadhani kukarabati ni kuongeza mwanga tu. Kaseti yetu ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Wanaokarabati wanarudi nyuma mpaka kwenye ule mkanda wenyewe uliopita ndani ya kamera, wanauskani picha moja baada ya nyingine. Filamu ina picha 24 kwa kila sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 100 ina picha 144,000. Kisha watu wanaketi kufuta mikwaruzo, madoa na vumbi, na mwingine anapanga rangi. Na lazima wawahi, kwa sababu mkanda wa asetati, plastiki ya filamu za zamani, ukianza kuoza unanuka kama siki, na uozo huo haurudi nyuma.

Nilikaa mbele ya diski ile na jicho la muuza vitenge. Filamu ni ya mwongozaji Sergio Corbucci wa Italia, ya mwaka 1966, na inaanza na mtu anayeburuta jeneza kwenye matope. Kwenye kaseti yetu matope yalikuwa weusi mtupu, na mtu mwenyewe kivuli. Sasa niliona maji yanavyosimama ndani ya nyayo. Kisha wakatokea wale watu wa Meja Jackson waliofunika nyuso. Kwenye kaseti vitambaa vyao vina rangi ya kahawa iliyoungua. Kwenye diski ni vyekundu! Vyekundu kama wax mpya ambayo haijaguswa na maji. Nilisimamisha picha hapohapo, kwa sababu nilikumbuka kwamba Mwalimu kila mara alikuwa akipaza sauti: "Wekundu hao wanakuja!" Sisi tulidhani anamaanisha watu wakali, wenye damu ya moto. Kumbe alikuwa ameiona filamu ile ukumbini enzi zake, na rangi aliikumbuka. Kwa miaka yote hiyo alituambia kitu ambacho kioo chetu hakikuweza kutuonyesha.

Ile ya Shaolini kijana wangu aliipata katika sanduku la pili la Shawscope, mkusanyo wa filamu za studio ya Shaw ya Hong Kong, lililotolewa na kampuni ya Arrow ya Uingereza mwaka 2022. Filamu hizo za Shaw zilikaa zimefungiwa ghalani Hong Kong miaka mingi, mpaka kampuni ya Celestial ilipozinunua mwaka 2000, zaidi ya filamu 700, ikaanza kuzisafisha. Zilipigwa kwa picha pana sana. Ili zijae kwenye televisheni za zamani, watu wa video walikata pande zote mbili. Mwigizaji Gordon Liu anabeba ndoo mbili za maji huku mikono ameinyoosha na visu vimefungwa chini ya mikono, akiishusha kidogo tu vinamchoma mbavuni. Sisi Birere tulikuwa tunaona ndoo moja, mara ya kushoto, mara ya kulia, na mateso yenyewe hatukuyaelewa, kwa sababu mateso ni kuziona zote mbili kwa pamoja. Ile nusu niliyoibiwa na pazia, kumbe hata waliolipa walikuwa wameibiwa nusu yao.

Si kila ukarabati ni mzuri. Nina diski ambazo rangi yake imevutwa kwenye manjano mpaka ngozi za watu zinafanana na kitenge kilichosahaulika juani, na nyingine zimesuguliwa hadi nyuso zimekuwa laini kama sabuni. Anayetaka kununua aulize kwanza. Aangalie pia alama ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambako diski inakubali kucheza. Mpwa wangu wa Marekani alinitumia diski nzuri ya gharama, ikakataa kabisa kucheza, kwa sababu Blu-ray za kule ni kanda A, na sisi Afrika tuko kanda B pamoja na Ulaya. Zile za 4K, zenye picha kali zaidi, hazina kanda. Kwa DVD mambo ni mengine tena: Ulaya ni 2, sisi ni 5.

Sasa nifike kwenye linalonikera. Ndani ya masanduku haya ya gharama kuna njia ya pili ya sauti. Ukiichagua, unamsikia msomi fulani akizungumza juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho: huyu mwigizaji alitoka wapi, hapa walipigia wapi, angalia mkono huu. Watu wanalipia hiyo. Ni kitu cha heshima, jina la msomi linaandikwa nyuma ya kasha. Mimi nikisikiliza namkumbuka Mwalimu kwenye kiti chake.

Na kuna jambo jingine nililojifunza kutokana na diski hizi hizi, ambalo ningependa kila anayewadharau wafasiri alijue. Filamu za Italia za wakati ule, na zile za Shaw pia, kwa kawaida hazikunaswa sauti pale zilipopigwa. Waigizaji walisema, midomo ikacheza, na sauti zikawekwa baadaye studio, mara nyingi na watu wengine kabisa. Katika Django kila mtu amewekewa sauti, kwa Kiitaliano na kwa Kiingereza vilevile. Basi anayesema kwamba Mwalimu aliharibu sauti ya asili, anionyeshe hiyo ya asili. Kiswahili cha Birere kiliingia kwenye filamu ile kwa mlango uleule walioingilia wengine.

DVD moja ina nafasi ya sauti 8, na Blu-ray ina zaidi. Nafasi ya Mwalimu ipo.

Nimejaribu mwenyewe, kwa msaada wa kijana mmoja wa kompyuta hapa mtaani. Tuliitoa sauti ya kaseti ya Django tukaiweka kwenye faili, tukataka kuilaza juu ya picha safi. Dakika ya kwanza ilikaa sawa. Dakika ya kumi Mwalimu alikuwa anatangulia, anamtangaza mtu kabla hajafungua mlango. Kumbe kaseti za Ulaya zinakimbiza filamu kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 100 inakwisha kwa dakika 96, na sauti za waigizaji zinapanda kidogo. Kijana akapunguza mwendo wa sauti yote, ikalingana. Lakini Mwalimu akageuka mtu mwingine, mzito, kama amelewa. Tukakaa tukafikiri. Waigizaji ndio waliokimbizwa. Mwalimu hakukimbizwa na mtu, alisema kwa sauti yake mwenyewe chumbani kwa kaka, siku ile, na deki ikamnasa hivyohivyo. Ikabidi tutumie programu inayorefusha muda bila kushusha sauti. Waigizaji wamebaki juu kidogo, na tumekubali. Ilituchukua jioni nyingi, maana umeme unakatika na betri ya sola ina kiasi chake. Siku tuliyomaliza niliwaita majirani wawili waliokuwa wateja wa Birere. Wekundu walipotokea, mmoja wao alimjibu Mwalimu kwa sauti, kama alivyokuwa akimjibu zamani, kisha akaenda kusimama uani peke yake.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Yeyote mwenye kaseti ya video yenye lebo ya kuandikwa kwa mkono, ya Goma, ya Bukavu, ya Uvira, popote, na ndani yake kuna mtu anatafsiri kwa Kiswahili, asiitupe wala kuichoma. Aisimamishe wima mahali pakavu, mbali na vumbi la volkano na unyevu wa ziwa. Akiona ukungu mweupe kwenye utepe, asiitie kwenye deki, itaharibu kaseti pamoja na deki. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki hizo, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016, na vipuri tunavitoa kwenye mashine zilizokufa. Yangu moja bado inafanya kazi. Filamu zenyewe Ulaya wanazo na wanazitunza vizuri kuliko sisi. Nataka sauti tu. Nitainakili bila malipo na kumrudishia mtu kaseti yake. Ofisi yenu, Ndugu Mhariri, inajua meza yangu iko wapi sokoni, na nawaruhusu kumwelekeza kila atakayeuliza.

Shangazi nimempelekea kamba za plastiki zinazometa, zinauzwa kwa mafungu Birere, na anasema ndege wanaziogopa vilevile. Tulishirikiana kuufungua utepe kutoka kwenye vijiti, yeye akishika mwisho mmoja. Sehemu kubwa ilikuwa imekatika na kuchujuka, lakini upande wa kivulini, chini ya mwembe, tulipata kama mita 40 ambazo bado ni nyeusi. Kaseti ya PAL, mfumo wa video wa Ulaya, inatembea sentimita 2.34 kwa sekunde, kwa hiyo mita hizo ni dakika 28 hivi. Nimezizungusha kwa mkono, kwa glavu, kwenye gurudumu la kaseti nyingine, na sasa zimo ndani ya mkebe pamoja na mchele mkavu. Jumapili kijana wa kompyuta atakuja tuzijaribu.

Mama wa vitenge,
Soko la Virunga, Goma