Chambua Kwanza, Mwanangu

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, karafuu za baba yako mdogo zimelowa jamvini, naye anamlaumu kila mtu isipokuwa yeye aliyechelewa kuzianua. Dada yako anapanda boti kesho kutwa mpaka Unguja, kisha avuke kuja huko Dar, na barua hii atakuwa nayo.

Kabla ya yote, usinijibu kwa maandishi. Barua ya mahabusu hupita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mwenyewe, na jawabu lako litarudi kwa njia hiyo hiyo. Ulilofanya na usilofanya mwambie wakili, yeye ndiye aliyeapa kuitunza siri yako. Mimi leo nitasema peke yangu, na kwa mara moja katika maisha yako hutaweza kunikatiza.

Tumeambiwa upande wa mashtaka wamefungua mlango wa makubaliano. Katika makosa yako matatu ya pale ghalani ulipokuwa ukifanya kazi, yaani wizi, kughushi na utakatishaji fedha, ule wa kuzifanya fedha haramu zionekane halali, watayaondoa mawili ya mwisho. Wewe ukiri la wizi, urejeshe shilingi 14,000,000, nao waombe adhabu nyepesi. Baba yako mdogo alisema alhamdulillahi hata kabla dada yako hajamaliza kueleza. Anataka mikarafuu yote ya bondeni iuzwe wiki hii, fedha zipelekwe, urudi nyumbani, yaishe.

Hilo neno "yaishe" mimi nalijua. Nimelisema mwenyewe.

Unakumbuka nilikuwa mpiga chapa wa mahakama, lakini hiki sijawahi kukuhadithia. Nilikuwa bado mgeni kazini, wewe hujazaliwa, pale mahakama moja ya huku huku kisiwani. Aliletwa kijana mvuvi, ameshitakiwa kuvunja stoo usiku na kuiba mashine ya boti. Kesi ilikuwa ikiahirishwa tu, leo shahidi hayupo, kesho faili halijaletwa. Siku hiyo alikaa kwenye benchi la ukumbini karibu na mlango wangu, miguu ina ukurutu wa chumvi, akaniuliza, "Dada, nikisema ndiyo nitakwenda nyumbani?" Mfungo ulikuwa umebaki siku chache kwisha. Nikamwambia, sema ndiyo, hakimu atakuonea huruma, utawahi Idi. Sikuwa wakili, sikuwa na ruhusa ya kumshauri mtu hata namna ya kufunga kamba za viatu. Nilimwonea imani tu.

Akasema ndiyo. Akasomewa maelezo, kwamba alikwenda usiku, akavunja kufuli kwa nondo, akachukua mashine. Akaulizwa kama ni kweli yote, akajibu ni kweli yote. Vidole vyangu hivi ndivyo vilivyochapa hayo maneno. Alipata miaka miwili. Baadaye sana nilikutana naye sokoni anauza samaki aina ya changu. Hakunigombeza. Alinifungia samaki, akanirejeshea chenji, kisha akasema taratibu, kama mtu anayekumbusha deni dogo, "Mashine nilichukua, dada. Lile kufuli sikulivunja, stoo niliikuta wazi." Kwa hakimu, kuvunja na kuingia usiku si sawa na kukuta mlango wazi, na ile miaka miwili ilitokana zaidi na kufuli kuliko na mashine.

Sasa rudi kwenye hati yako ya mashtaka. Wewe umekulia kwenye jamvi la kuchambulia, unajua karafuu zikitoka shamba zimeshikana na makonyo, vile vijiti vyake. Hakuna anayepeleka hivyo hivyo kituoni kupimiwa, na hakuna anayezimwaga zote kwa sababu ya makonyo. Kaa na wakili mchambue. Stakabadhi zipo ngapi? Ngapi zina saini yako kweli, na ngapi zina saini inayofanana na yako? Fedha zilizoingia kwenye simu yako ni kiasi gani, na zilizobaki alizipokea nani? Hizo 14,000,000 zimejumlishwa na nani? Upungufu wa ghala la watu wanne haugeuki wizi wa mtu mmoja kwa kuwa huyo mmoja ndiye aliyekamatwa.

Nakwambia hivi kwa sababu nimemsikiliza wakili wako kwenye simu na nimemuuliza mpaka akachoka. Sheria zetu za jinai Zanzibar si hizo za bara, kwa hiyo yangu ya zamani sikuyategemea. Kumbe bara utaratibu huu wa makubaliano uliingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 2019. Mshtakiwa mwenyewe anaweza kuuanzisha, au wakili wake, au mwendesha mashtaka, wakati wowote kabla ya hukumu. Asiye na wakili anaweza kuwakilishwa na ndugu au rafiki, na hapo namshukuru Mungu wewe unaye wakili, maana baba yako mdogo angeshatia saini. Hakimu haingii kwenye mazungumzo. Yeye huletewa makubaliano yakiwa yameandikwa na kutiwa saini, kisha anakuapisha na kukuuliza kama umekubali kwa hiari yako na kama unaelewa unachokiacha.

Unachokiacha ni kikubwa. Unaacha kesi kamili, ile ambayo wao ndio wenye mzigo wa kuthibitisha pasipo kuacha shaka na wewe huna wajibu wa kuthibitisha chochote. Na unaacha rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Ndiyo, mtu aliyelazimishwa au kudanganywa anaweza kurudi mahakamani kuomba makubaliano yafutwe. Lakini kuthibitisha kwamba ulilazimishwa ni kesi nyingine nzima, na hapo mzigo ni wako.

Hakimu mmoja mzee niliyemchapia alikuwa na kesi moja aliyoitaja kila mara mtu alipokiri mbele yake, ya Adan, ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973. Ilisema shitaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, kila kipande chake kielezwe, maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, kisha asomewe maelezo na apewe nafasi ya kuyakataa au kuongeza. Akizusha jambo linaloonyesha huenda hana hatia, iandikwe kwamba amekana. Mzee yule alikuwa akisikiliza neno "lakini". Mtu akisema "nilichukua, lakini nilipewa ruhusa", alikuwa anaweka kalamu chini na kusema, huyu hajakiri. Jipime hapo. Yasome hayo maelezo wanayotaka uyakubali, mstari kwa mstari, na kila unaposikia "lakini" imekupanda kooni, mwonyeshe wakili ni mstari upi. Hayo ndiyo ya kujadiliana nao. Makubaliano yanaweza kuwa ya kosa dogo zaidi, au ya kiasi kidogo zaidi.

Usidhani nakuambia ukatae. Kupigana kesi nako kuna gharama zake. Binti wa jirani anayesoma sheria chuo kikuu alinihadithia kesi ya Marekani. Mtu mmoja aitwaye Paul Hayes, wa Kentucky, alishitakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88.30. Mwendesha mashtaka akamwambia kiri, nitakuombea miaka mitano, ukikataa nitakushitaki kama mhalifu mzoefu, maana alikuwa na makosa ya nyuma. Akakataa. Akapata kifungo cha maisha, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ikasema, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba mwendesha mashtaka hakuvunja katiba. Dola 88! Nililala vibaya usiku ule. Huko kwao sheria ni nyingine na watu wengine, ila chaguo walilomwekea Hayes mezani linafanana na lako: hili shitaka la utakatishaji ndilo lililokufungia dhamana, maana bara kosa hilo halina dhamana, na ndilo hilo hilo wanaloahidi kulitoa ukikubali.

Kwa hiyo muulize wakili swali hili, umuulize kwa maneno haya haya: shitaka la utakatishaji lina ushahidi, au lina kufuli tu? Kama lina ushahidi unaosimama, basi kuliondoa ni kitu cha thamani na tutakilipia. Kama halina, wanakuuzia mlango ambao ungefunguka wenyewe, na bei yake ni jina lako. Najua miezi saba ya kusikia "upelelezi haujakamilika" inamfanya mtu aone kila mlango ni wa kutokea. Sikulaumu. Mimi sijalala kwenye sakafu hiyo. Huku kwetu jela tunaiita Chuo cha Mafunzo na mfungwa tunamwita mwanafunzi, jina zuri, ila mama hana pa kujifichia nyuma ya jina.

Kuhusu mikarafuu. Baba yako marehemu aliipanda mwenyewe na najua angesema nini, lakini yeye hayupo na mimi nipo. Kama ulichukua, hata kama ni 3,000,000, nitauza miti ya kiasi hicho na sitakuuliza ulizifanyia nini. Hilo ni deni, na deni la mwanangu ni langu. Usichokichukua sitakilipia hata shilingi, hata kama kwa kufanya hivyo utakaa humo mwaka mwingine na mimi nitakuwa nakuja kwa boti kila mwezi na goti hili bovu. Baba yako mdogo ameninunia tangu juzi kwa neno hilo. Atapona.

Na ukichambua ukaona yote waliyoandika ni kweli, kiri yote, mwanangu. Usione haya kwa ajili yangu. Nimewaona watu wakikiri kweli, sauti huwa nyingine kabisa. Hata mimi niliyekuwa nimeinamia mashine nilikuwa naijua bila kuinua kichwa.

Mwambie wakili ampe dada yako nakala ya hayo makubaliano kabla hujatia saini, aje nayo. Nitaisoma kama nilivyokuwa nikisoma kurasa zangu kabla hazijapelekwa kwa hakimu, na rula chini ya kila mstari. Miwani mpya ninayo. Mkate wa kumimina nimeupika leo asubuhi, uko ndani ya kitambaa cha buluu. Wakiuruhusu kuingia, mkatie na yule mwenzako wa Tanga asiye na mtu wa kumtembelea.

Mama yako