Funika maneno kwa kiganja: namna tunavyochagua vitabu vya watoto dukani kwetu Moshi

Mwaka jana bibi mmoja wa Pasua aliingia dukani, akaitikia shikamoo yangu akiwa bado mlangoni, akasema: "Mwanangu, nataka kitabu cha kumfundisha mjukuu wangu kwamba watu wote ni sawa." Nikampa kile ambacho kila mteja alikuwa akikisifu. Hadithi ya mvulana anayetembea kwa magongo: darasa zima linamcheka, mwalimu anawakemea, mwishowe wanamchangia zawadi na kumpigia makofi. Picha nzuri, karatasi nzito. Bibi akalipa, akaondoka.

Siku ya tatu akarudi nacho, wala hakuwa na hasira. Alisema mjukuu wake, ambaye naye anatembea kwa magongo (siku ya kwanza hakuniambia, na mimi sikuuliza), alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: "Bibi, mbona wenzake wote wana majina, yeye hana?"

Nikakifungua palepale. Kweli. Mwalimu ana jina, rafiki ana jina, mbwa wa jirani ana jina. Mvulana mwenyewe ni "mlemavu" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikuwa nimekiuza kitabu kile mara nyingi tu, na sikuwahi kuliona hilo.

Nilimrudishia bibi fedha yake. Tangu hapo hakuna kitabu kinachopanda rafu yetu ya mbele kabla hakijapita kwenye maswali ya mjukuu wake. Ana jina? Anataka kitu chake mwenyewe, au yupo ili wenzake wajifunze huruma? Anaruhusiwa kukosea? Nitakipenda zaidi kitabu ambacho mtoto mwenye magongo anaiba maembe na wenzake na kukamatwa kuliko kile ambacho amekaa pembeni akisubiri kuonewa huruma. Watoto nao wako hivyohivyo, hukijua kitabu kinachowahubiria kabla hujafika ukurasa wa tatu.

Sasa kuhusu picha. Soma sentensi hii: "Daktari alifika mapema, akavaa koti lake jeupe." Daktari huyo ni mwanamume au mwanamke? Sentensi haisemi. Mwandishi wa Kiingereza angekuwa ameshafichua. Kiswahili kina "yeye" mmoja anayetutosha wote. Matokeo yake, katika kitabu cha watoto cha Kiswahili anayeamua ni mchoraji, na mtoto asiyejua kusoma humwamini mchoraji kuliko mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana tunawaambia wateja: funika maneno kwa kiganja, pekua picha tupu. Nani anaendesha? Nani anabeba? Nani amekaa anasomewa, na nani anasoma? Mimi nilianza na ufagio. Nilipekua rafu nzima nikitafuta walioshika ufagio, nikakuta ni wasichana watupu isipokuwa mvulana mmoja, naye alikuwa ameadhibiwa.

Ukimaliza picha, ondoa kiganja usome majina wanayoitwa watu. Hapa mambo hayanyooki kama wengi wanavyodhani. "Zeruzeru" tumeliacha, na kitabu kinacholitumia bila sababu hatukiuzi. Tunasema mtu mwenye ualbino. Lakini nimewahi kusikia mzazi akikataa kitabu kwa sababu kimeandika "kiziwi", eti ni tusi kwa kuwa liko kwenye ngeli ya vitu. Kiongozi na kijana nao wako hukohuko. Na viziwi wenyewe chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Mimi naangalia zaidi kama kiziwi wa kwenye hadithi anaongea. Je, mchoraji ameichora mikono yake ikitumia lugha ya alama, au amemchora akitabasamu tu kama aliyepotea njia?

Kuhusu ualbino nina neno la ziada, kwa kuwa tuko Moshi. Hapa kwenye hospitali ya KCMC hutengenezwa losheni ya kujikinga na jua, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Halafu unafungua kitabu kinachosema kinamtetea mtoto mwenye ualbino, unamkuta anacheza mpira saa saba mchana, kichwa wazi, shati la mikono mifupi. Mchoraji hakuuliza mtu. Kitabu kizuri kitamvalisha kofia pana na mikono mirefu bila kulifanya hilo kuwa hadithi, kitamkalisha karibu na ubao kwa sababu macho yake hayaoni mbali, kisha kitaendelea na kisa chenyewe, sijui mbuzi amepotea, sijui nani kala maandazi.

Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika kwamba vitabu vinaweza kuwa madirisha ya kuwaona wengine na vioo vya kujiona mwenyewe. Huko kwao hali ilikuwa mbaya: kituo kimoja cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kilihesabu mwaka 1985, na katika vitabu takriban 2,500 vilivyochapishwa mwaka huo, vilivyoandikwa au kuchorwa na Wamarekani weusi vilikuwa 18. Shida yetu sisi inafanana na hiyo kwa upande mmoja. Vitabu vingi vya bei nafuu mjini ni mitumba kutoka Ulaya na Marekani, kwa hiyo mtoto wetu ana madirisha tele, vioo ndivyo vichache. Theluji anaiona juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila asubuhi mawingu yakikubali, lakini sijakutana na mtoto wa Njoro aliyewahi kutoka nje akaifinyanga sanamu. Mitumba hiyo naiuza na mimi. Ninachoomba ni kwamba kwa kila dirisha mzazi anunue na kioo kimoja.

Na kioo chenyewe kikaguliwe. Mmasai wa kwenye vitabu hana siku ya mapumziko: mkuki, ng'ombe, jua linazama. Yule tunayepishana naye stendi ana simu mbili na anasoma chuo cha ushirika. Mchagga wa vitabuni anahesabu noti, Mpare ana kesi mahakamani. Najua, ni utani, na Wapare na sisi Wachagga tumetaniana tangu enzi za mababu. Ila utani una wawili, ukinitania nakujibu. Kitabu hakijibiwi, na mtoto wa miaka mitano hajui kama pale kuna utani.

Mama wa kambo ndiye anayenipa tabu kuliko wote. Katika hadithi zetu za kale ni lazima awe mbaya, na hadithi zenyewe ni tamu, siwezi kuzitupa. Lakini nina wateja ambao ndio mama wa kambo, wanakuja kununua kitabu cha kusoma usiku na mtoto waliyemkuta. Kwao naweka pembeni vile ambavyo mtoto analelewa na bibi, na shangazi, na baba peke yake, na mama mpya, na hakuna anayeshangaa.

Vitabu vyetu vya Kiswahili tunavinunua kwa wachapishaji wa Dar es Salaam, na vingi vya wakubwa kidogo vimetokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991. Kama mfuko hauruhusu, ingia kwenye tovuti ya African Storybook. Ina hadithi za picha kwa Kiswahili na unazisoma bure kwenye simu. Najua naharibu biashara yangu kwa kusema hivyo. Watu huzisoma kule, kisha huja kutafuta kitabu cha kushika.

Utaratibu wetu ni huu. Njoo na mtoto, keti kwenye mkeka, someni kitabu chote kabla hujalipa, hatukufukuzi. Ukikinunua na nyumbani kikakataa, una siku saba za kukirudisha ikiwa hakijachanika wala kulowa chai. Walioko Rombo, Mwanga na Same tunawatumia kwa basi la mchana, nauli ya mzigo unalipa unapopokea. Unapoagiza, tuambie umri wa mtoto, anaishi na nani, anapenda nini, na kama kuna jambo ambalo mimi sikumwuliza yule bibi wa Pasua. Mjukuu wake huja Jumamosi. Akipewa kitabu kipya hupekua kwanza majina.