Rangi za safu kwenye CSV za mradi

Wadau, mnaohariri zile faili za CSV (majedwali ya maandishi ambamo safu wima hutenganishwa kwa koma) ndani ya kihariri VS Code: bonyeza Ctrl+Shift+X, tafuta kiendelezi Rainbow CSV, kisakinishe. Kila safu itapata rangi yake. Ukisimamisha kishale cha kipanya juu ya neno utaona namba ya safu.

Rangi zikihama katikati ya mstari, usiilaumu programu. Tazama:

14,Sokoni, Mwanza,250

Koma ya anwani imezaa safu ya ziada. Ifunge anwani kwa alama za nukuu: "Sokoni, Mwanza".

Faili nzima ikitoka rangi moja, huenda kitenganishi cha safu ni nukta-mkato (;) badala ya koma: bofya jina la lugha chini kulia, chagua CSV ya nukta-mkato.

Faili ikizidi MB 20 haipakwi rangi mpaka uzime mpangilio wa VS Code uitwao editor.largeFileOptimizations. Kwa laptopu yenye RAM kidogo, bora uigawe faili vipande.