Kabla ya kuhesabu askari, ulizeni nani atashika mfereji wa dizeli

Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia maoni ya wasomaji wako kuhusu Ethiopia na Eritrea, hasa ile hoja inayorudiwa kila wiki kwamba mambo yakiharibika, Umoja wa Mataifa upeleke kikosi cha kulinda amani mpakani. Wanaosema hivyo wana nia njema. Lakini kikosi kilikuwako, nami nilikuwa ndani yake. Naomba nafasi nieleze kilivyokwisha, maana kingine kikipangwa kama kile, kitakwisha vilevile.

Mwaka 2002 nilikuwa dereva wa boza la maji katika kikosi cha Kenya, sekta ya mashariki ya UNMEE, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani kati ya Ethiopia na Eritrea. Baraza la Usalama lilikuwa limeidhinisha askari 4,200, wakiwemo waangalizi wa kijeshi, kwa azimio nambari 1320 la Septemba 2000. Vita vilikuwa vimeanzia Badme, mji mdogo wa mpakani, Mei 1998, na vikaua makumi ya maelfu ya vijana kwa miaka miwili. Wajordani walishika magharibi, Wahindi katikati, sisi tukapewa upande wa Assab, bandari ya Eritrea, na Bure, kituo cha mpakani, kwenye jangwa la Danakil.

Kwenye ramani mpango ulipendeza. Uliwekwa ukanda wa usalama wenye upana wa kilomita 25, umbali uliokadiriwa kuwa mizinga ya upande mmoja isiufikie upande wa pili. Jambo ambalo ramani haikulipa uzito ni kwamba ukanda wote ulikuwa ndani ya ardhi ya Eritrea. Mwenyeji akawa mmoja. Majeshi yaliyorudi nyuma kwenye ardhi yao yakawa ya nchi moja, na ruhusa ya kupita, kuruka na kujaza mafuta ikawa mkononi mwa nchi hiyohiyo.

Wasomaji wengi hufikiri kikosi cha amani ni bunduki na kofia za buluu. Kwetu ilikuwa dizeli. Boza langu lilitumia dizeli. Jenereta ya kusafishia maji ilitumia dizeli, redio za mawasiliano zilitegemea jenereta, na majokofu ya hospitali ya kambi pia. Doria haikutoka na gari moja, kwa sababu ya mabomu ya ardhini, kwa hiyo kila safari ilikula mafuta mara mbili. Njia zilizosafishwa ziliwekewa mawe yaliyopakwa rangi, nyeupe upande wa kupita na nyekundu upande wa kifo, na kwenye vumbi la saa saba mchana nilikuwa nikiendesha huku nimetoa kichwa dirishani kuyatafuta. Siku moja mwenzetu alizirai kwa joto kwenye kituo cha mbali. Helikopta ilimfikia ndani ya saa moja. Kwa barabara ile, kwa mwendo wa mawe yale, hatungemfikisha hospitali akiwa hai.

Ndiyo maana Oktoba 2005, nikiwa nimesharudi nyumbani, niliposikia kwamba Eritrea imepiga marufuku helikopta za UNMEE, nilijua ujumbe umekwisha. Kwenye karatasi uliendelea. Vituo kadhaa vilifungwa kwa sababu mgonjwa asingeweza kuondolewa hapo. Desemba mwaka huohuo wafanyakazi kutoka Marekani, Kanada na Ulaya wakaamriwa kuondoka. Desemba 2007 dizeli ikakatwa. Mapema 2008 walinda amani waliobaki wakaanza kuondolewa kwenye ukanda, na tarehe 30 Julai Baraza la Usalama likapitisha azimio 1827 la kuufunga ujumbe. Hakuna aliyehitaji kuwafyatulia risasi. Mfereji ulifungwa tu.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeionea Eritrea. Makubaliano ya amani ya nchi hizo mbili, yaliyotiwa sahihi Algiers Desemba 2000, yalisema uamuzi wa tume ya mipaka utakuwa wa mwisho na utazifunga pande zote mbili. Tume ya watu watano ilitoa uamuzi wake The Hague tarehe 13 Aprili 2002. Jioni ile tulijazana kwenye redio kambini. Ajabu ni kwamba kila serikali ilitangaza kuwa imeshinda, nasi tukaanza kuhesabu miezi ya kurudi nyumbani. Mwaka uliofuata, ilipobainika wazi kwamba Badme imeangukia Eritrea, Ethiopia ikaukataa uamuzi. Aliyekataa hukumu aliandikiwa barua za kumsihi. Aliyeshinda akabaki na kikosi cha kigeni kwenye ardhi yake, kikilinda mstari ambao mwenzake hautambui. Hasira ikatushukia sisi tuliokuwa karibu. Muda wetu ulipaswa kwisha pale mpaka utakapowekewa alama, na mpango mzima haukuwa na ukurasa wa kusema itakuwaje alama zisipowekwa.

Kuna watu wengine ambao mpango uliwaruka, nao ni Waafar, wafugaji wa ngamia na mbuzi walioko pande zote mbili. Huku mashariki mpaka ulitokana na mkataba wa 1908, ambao waandishi wake walikubaliana upite kilomita 60 kutoka ufukweni, sambamba na bahari. Hawakuuliza visima viko wapi. Nilipokuwa nikipeleka maji kituoni, mzee mmoja wa Kiafar alizoea kuja na dumu la manjano lililofungwa kamba ya katani. Nilikuwa nikimjazia, naye hunywa kwanza kiganja kimoja kabla ya kufunga kifuniko. Baada ya uamuzi wa The Hague alimtuma mkalimani aniulize swali moja: kisima cha mjomba wake sasa kiko nchi gani, na je, mbuzi wake wakienda kunywa watahesabiwa wamevuka? Nilimwambia ukweli, kwamba mimi ni dereva. Mkalimani akalipeleka swali kwa waangalizi. Kwa muda wote niliokaa pale, jibu halikuja. Huko Abyei, eneo linalogombaniwa na Sudan na Sudan Kusini, ambako mwaka 2011 Umoja wa Mataifa pia uliidhinisha askari 4,200, wana soko la Amiet ambapo jamii mbili za huko, Wadinka Ngok na Wamisseriya, wanauziana na kusuluhishana kupitia kamati yao ya pamoja. Damu bado inamwagika Abyei, lakini angalau mfugaji ana mahali pa kuuliza. Sisi Bure hatukuwa na hilo.

Mpaka wa Bure ulifunguliwa tena Septemba 2018, baada ya Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia, na Isaias Afwerki, rais wa Eritrea, kupatana. Niliwaona kwenye televisheni wakitembea barabara ile niliyoipita kwa kuhesabu mawe, nikalia mbele ya wajukuu wangu. Tangu 2023, habari za Ethiopia kutafuta njia ya kufika Bahari ya Shamu zinapotajwa, jina la Assab linarudi kwenye taarifa, nami hulala vibaya.

Katiba yetu, kifungu cha 240, inataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi yetu kupelekwa ng'ambo kulinda amani. Basi ombi langu ni kwa wabunge. Siku wakiletewa hoja hiyo, wasianze na idadi ya askari wala marupurupu. Wadai kuona, kwa maandishi na sahihi za pande zote mbili, dizeli itaingilia bandari gani na nani hana mamlaka ya kuizuia. Waulize kama helikopta ya mgonjwa itahitaji ruhusa kila inaporuka, kama ukanda utachukua ardhi ya nchi zote mbili, na Baraza la Usalama litafanya nini, kwa tarehe, iwapo upande ulioshindwa utaikataa hukumu. Waulize pia wachungaji watapitia wapi kwenda visimani. Wakiambiwa hayo yatapangwa baadaye, askari wetu wabaki kambini.

Sajini mstaafu,
Nanyuki