Ada ya wakala isiwaangukie vijana wanaokwenda Ujerumani

Mhariri,

Tangu mkataba wa wafanyakazi kati ya Kenya na Ujerumani utiwe saini mjini Berlin mnamo Septemba 2024, mbele ya Rais Ruto na Olaf Scholz, Chansela wa Ujerumani wakati huo, vijana wa kwetu hawaishi kunipigia simu. Mimi ni muuguzi katika makao ya wazee hapa Ujerumani. Wote nawasihi wasiuze shamba la familia kumlipa wakala awatafutie nafasi ya mafunzo ya uuguzi.

Mwenye shida hapa ni Ujerumani. Waliozaliwa kwa wingi miaka ya 1950 na 1960 wanastaafu kwa mpigo, na wauguzi hawatoshi. Zamu ya usiku mimi na mwenzangu mmoja tunahudumia ghorofa nzima. Mwajiri mwenye uhaba wa namna hiyo ndiye wa kugharimia kutafutiwa watu.

Wala si jambo geni. Mwaka wa mkataba na Uturuki, 1961, Ujerumani ilifungua ofisi Istanbul ya kuchagua wafanyakazi, na viwanda vilivyowahitaji vikalipia huduma hiyo. Leo, shule za uuguzi hazitozi karo tangu 2020, na mwanafunzi hulipwa kila mwezi: katika hospitali za umma, mwaka wa kwanza, zaidi ya euro 1,300 kabla ya makato. Sasa kijana wa Kenya anamlipa wakala mamia ya maelfu ya shilingi kwa ajili ya nini?

Binti mmoja niliyefanya naye kazi alitembea na kijidaftari cha waliomkopesha mfukoni mwa sare: mjomba, chama cha mama, sacco. Mshahara ukiingia, anapunguza deni la mmoja. Hakuthubutu kukataa zamu ya ziada hata wiki ya mtihani.

Wengine wanaponzwa na uvumi kwamba mkataba unawapa Wakenya nafasi 250,000 za kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani iliukanusha. Mkataba hautaji idadi yoyote. Hata hivyo, namba hiyo bado inatajwa na wanaouza nafasi.

Ipo alama rasmi ya Ujerumani, Faire Anwerbung Pflege Deutschland (yaani uajiri wa haki wa wauguzi Ujerumani), kwa mawakala na waajiri wanaokubali kwamba mwajiri ndiye anayelipa, lakini ni ya hiari. Serikali zetu mbili ziifanye kanuni hiyo kuwa lazima, ihusu pia kozi ya Kijerumani, viza na nauli. Wakala atakayemdai mwombaji pesa apokonywe leseni.

Muuguzi Mkenya,
Ujerumani