Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi Zanzibar: Mwani unaokufa hauandikwi popote

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Mimi ni mkulima wa mwani hapa Jambiani, kusini mashariki ya Unguja. Kilimo hiki kilipoanza mwaka 1989, hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Paje, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake walioingia baharini na vijiti na kamba huku wanaume wakiwatazama kutoka juu na kuuliza nani atanunua majani. Mimi nilikuwa mtoto wa skuli. Nikirudi nakuta chumba kizima kinanuka pwani, mama amekaa chini anafunga mbegu kwenye taitai, vile vipande vya uzi vinavyoshikilia mwani kwenye kamba, na mimi natupiwa kamba yangu nifunge kabla sijala. Nyumba tunayokaa mpaka leo ilipandishwa kwa mwani, tena kwa kotonii, si kwa kitu kingine.

Naitaja kotonii kwa sababu barua hii inaihusu yeye kwanza. Tulipewa aina mbili, kotonii na spinosamu. Kotonii ndiye mwenye bei, aghalabu mara mbili ya mwenzake na zaidi, kwa kuwa uteute wake, karajinani, ndio viwanda vya nje vinaoupenda zaidi kwa ajili ya aiskrimu, dawa za meno na vipodozi. Spinosamu ni mvumilivu lakini bei yake ni ndogo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii amekuwa akifa katika vijiji vingi vya Unguja, na wengi wetu huku tumebaki na spinosamu peke yake. Nimekutana na watu wa mjini wanaodhani tumebadilisha zao kwa kupenda, kama mtu anavyoacha muhogo akapanda ndizi. Tulifukuzwa na joto, Mheshimiwa.

Nitaeleza linavyotokea, maana nimeliona kwa macho yangu zaidi ya miaka thelathini. Mashamba yetu yako ndani ya mwamba, kwenye maji mafupi. Kwenye bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, bahari hutoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hapo ndipo tunapofanya kazi. Yale maji yanayobaki yanakaa juani juu ya mchanga mweupe. Zamani, kaskazi ikikaza, tulikuwa tunasema maji yamepata uvuguvugu. Siku hizi kuna siku unaingiza mguu unautoa. Watafiti wamepima kwenye mashamba ya namna hii wakakuta nyuzi 38, na kotonii huanza kuteseka maji yakishapita nyuzi 30 hivi. Kwanza ncha zake hupoteza rangi. Kisha panatokea pahala pamoja kwenye shina panakuwa peupe na laini, kama pamewekewa barafu, na kwa sababu hiyo ugonjwa wenyewe unaitwa aisi-aisi, kutokana na neno la Kiingereza la barafu. Wimbi dogo likipita linakatika hapo hapo. Majani mengine ya baharini yanayopenda joto nayo huja yakaukumbatia ule uliobaki, yakaunyima mwanga. Unalala una kamba mia, unakwenda bamvua inayofuata unakuta taitai tupu.

Mwani unahitaji kama wiki sita kutoka kufungwa hadi kuvunwa. Kwa hiyo aliyepoteza kamba zake kapoteza kazi ya mwezi mmoja na nusu, na mbegu ya kuanzia upya hana.

Sasa naja kwenye lililonifanya nikuandikie hadharani badala ya kusubiri ziara.

Mwani ukishakauka kwenye chanja, ukatiwa kwenye polo na kufika ghalani kwa mnunuzi, unapimwa na kuandikwa. Kilo zile zinapanda kutoka kijijini mpaka wizarani, zinakuwa tani, na mwisho wa mwaka zinasomwa Barazani, kwa Wawakilishi. Mwani uliofia majini haufiki kwenye mizani, na hakuna daftari lolote linaloupokea. Kwa sheha haumo, kwa mnunuzi haumo, na wala hautakuwemo katika bajeti yako, kwa sababu kwenye karatasi haukuwahi kuwepo. Mwaka mavuno yakipungua, takwimu zinaonyesha tani zimeshuka, basi. Mtu anayezisoma ofisini anaweza kusema wakulima wamevunjika moyo, au vijana hawapendi tena kazi hii, au bei ilikuwa mbaya, na yote hayo yana ukweli wake kidogo. Lakini hakuna pahala atakaposoma kwamba mwezi fulani, katika shehia fulani, maji yalipata moto siku kadhaa mfululizo na wanawake kadhaa wakapoteza kila walichopanda.

Nilipofiwa na kamba zangu zote kaskazi moja, nilikwenda kueleza kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Niliulizwa nina risiti. Risiti ya mwani uliokufa! Nilirudi nyumbani kwa miguu nalia, na si kwa ajili ya fedha.

Unajua Mheshimiwa kwamba wakulima wa mwani Zanzibar ni zaidi ya 20,000, na katika kila kumi karibu wanane ni wanawake. Najiuliza kama hasara hii ingekuwa inawapata wanaume, ingekaa miaka ishirini bila kuandikwa. Mvuvi akizama na chombo chake kijiji kizima kinajua, na redio inatangaza. Mwanamke akipoteza shamba lake majini anajua yeye na mumewe, na muuza duka anayemdai.

Nataka ukumbuke pia kimbunga Hidaya, Mei 2024. Siku kadhaa kabla hakijafika, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatangaza. Simu zililia, misikiti ikatangaza, boti za kwenda Dar es Salaam zikasitishwa, vijana wakavuta ngalawa juu, na sisi tukaingia pwani kuokoa tulichoweza. Kimbunga kikapiga zaidi upande wa Mafia. Nashukuru kwa dhati kwa kazi ile, kwa sababu iliokoa watu. Lakini katika miezi ya kabla ya Hidaya, mwaka huo huo, bahari yetu yote hii ya Hindi ya magharibi ilipata joto kiasi kwamba matumbawe yaligeuka meupe sehemu nyingi za pwani, kama wazee wanavyokumbuka yalivyogeuka mwaka 1998. Kwa joto lile hakuna simu iliyolia. Upepo una jina, unafuatiliwa kwenye ramani saa kwa saa. Joto la maji halipewi jina, nalo ndilo linalotuua kila mwaka.

Na vyombo vya kulijua vipo. Satelaiti zinapima joto la uso wa bahari kila siku. Ni kweli kwamba zinaona vizuri bahari kuu kuliko maji yetu mafupi ya ndani ya mwamba, kwa hiyo peke yake hazitoshi. Lakini kuna vipimajoto vidogo vinavyofungwa kwenye kijiti vikakaa majini miezi vikiandika vyenyewe, na wanasayansi wetu wanavitumia. Viwili au vitatu kwa kila kijiji cha mwani, mtu mmoja wa kuvisoma, na ujumbe mfupi kwenye simu zetu ndogo hizi hizi: wiki hii maji yanapanda, vuneni kilichokomaa, sogezeni mbegu mbali na ufukwe. Mwani uliovunwa wiki moja mapema una uzito mdogo, lakini unauzika. Uliokufa hauuziki.

Sikuandikii kana kwamba wataalamu wamelala. Dkt. Flower Msuya, ambaye ametumia umri wake kwenye mwani wa Zanzibar akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja na njia ya kuurudisha kotonii: kuupeleka kwenye maji ya kina, yaliyo baridi zaidi, ndani ya wavu mrefu wa duara, mfano wa mkono wa kanzu, ambao wimbi haliwezi kuukata mwani ukachukuliwa. Inafanya kazi. Nimeuona kotonii mnene, wa rangi ya kahawia, ukitolewa kwenye wavu ule, na mama yangu aliushika akanyamaza muda mrefu.

Ila huko kina hakuendeki kwa miguu, na hapa ndipo teknolojia inapotukuta tulivyo. Sisi tumezaliwa hatua chache kutoka baharini na wengi wetu hatujui kuogelea. Tulilelewa tukijua kwamba mwanamke mwisho wake ni maji ya kiunoni. Chombo ni cha mwanamume, na injini na nanga pia ni zake. Kikundi chetu kiliwahi kupewa boti na mradi mmoja. Tulifurahi, tukapiga picha. Injini ilipoharibika hapakuwa na aliyefundishwa kuitengeneza miongoni mwetu, tukamwomba kijana mmoja, kijana akaomba aitumie kuvulia ili alipie vipuri, na baada ya muda ukiuliza boti ya akina nani unatajiwa jina lake. Simlaumu sana yule kijana. Alijua kitu ambacho sisi hatukufundishwa.

Kwa hiyo kila ninaposikia kwamba boti zimetolewa kwa wakulima wa mwani, kama zile zilizonunuliwa kwa fedha za ahueni ya Uviko-19, nashukuru kisha nauliza ni nani kasajiliwa kama mwenye chombo, na nani anajua kukiwasha. Boti bila mafunzo ya kuogelea, kwa walimu wanawake na kwa mavazi yetu ya stara, ni chombo cha mtu mwingine kilichopitia mikononi mwetu. Hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji afisa anayeamini kwamba mwanamke wa miaka hamsini anaweza kujifunza kuelea, na mimi niko tayari kuwa wa kwanza kuingia.

Kuna mambo mengine sitayafungua leo: mahoteli yanayotunyima pa kuanikia, visima vinavyozidi kuwa na chumvi. Yana barua zao.

Nirudi kwenye daftari, kwa sababu naamini ndilo linalofungua mengine yote. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuwe na mfuko wa kuzisaidia nchi zinazopata hasara kutokana na mabadiliko ya tabianchi, na mwaka 2023 huko Dubai ukaanzishwa rasmi. Sisi tulioko pwani hatukuchoma makaa ya mawe wala mafuta yaliyoipasha bahari hii moto. Tukisema tulipwe haki yetu hatuombi sadaka. Lakini mambo ya nje ni ya Muungano, na ujumbe unaokwenda kwenye mikutano ile unakwenda na karatasi. Ni nani atakayewapa wenzetu wa Dodoma karatasi ya kotonii wa Jambiani, wa Paje, wa Bwejuu, wa Pemba? Watadai nini kwa niaba yetu wakati sisi wenyewe hatujaandika tulichopoteza? Miaka ishirini na zaidi ya hasara imeyeyuka bila ushahidi isipokuwa kumbukumbu za wanawake, na wanawake wenyewe tunazeeka. Mama yangu anazijua kaskazi mbaya moja baada ya moja. Akiondoka, zinaondoka naye.

Naomba wizara yako iagize kila shehia ya mwani iwe na daftari la hasara. Liwe na tarehe, idadi ya kamba, aina ya mwani, hali ya maji siku ile, na namna ulivyokufa. Lishikwe na mmoja wetu, kwa posho ndogo, na nakala ipelekwe kila bamvua kwa afisa wa wilaya. Na unaposimama Barazani kusoma tani tulizovuna, usome katika pumzi hiyo hiyo na kilichokufa. Uchumi wa buluu umepewa wizara yake tangu 2020, na unatajwa kwenye kila jukwaa la kampeni. Hesabu yake haiwezi kuwa ya mavuno peke yake.

Hatukusubiri agizo kuanza. Kikundi chetu, wanawake kumi na wanane, tumenunua daftari kubwa la kurasa mia mbili na tumechora mistari kwa rula. Mjukuu wa mmoja wetu, aliyeko kidato cha tatu, ndiye anayeandika kwa sababu ana mwandiko mzuri. Ukurasa wa kwanza una majina manne na kamba 212. Tunahitaji kujua tu tulipeleke kwa nani, siku gani, na kwamba atakayelipokea hatatuuliza risiti.

Wako mtiifu,

Mkulima wa mwani
Jambiani, Unguja